Ukungu wa Nyumba Namba Kumi na Saba

Kuna nchi moja haimo kwenye ramani. Si kwamba ni ndogo. Mchora ramani alifika mpakani na vifaa vyake, akaambiwa mhusika ametoka kidogo, asubiri. Na kwa kuwa alikuwa mtu wa adabu, bado anasubiri. Jina la nchi lipo, limeandikwa vizuri kwa wino mweusi, ila nalo linasubiri saini. Wenyeji huiita Nchi tu, na wakikutana ugenini hutambuana kwa kikohozi.

Ni nchi ya milimani, yenye baridi ya kung'ata masikio, kwa hiyo serikali yake iliona mapema kwamba jambo la moto haliwezi kuachiwa wananchi. Ikaunda Wizara ya Mwali. Wizara ikatunga Sheria ya Mwali Mmoja, inayosema kwamba kila kaya itachagua aina moja ya nishati ya jikoni, itaandikiwa kadi, na itaishi nayo kwa uaminifu. Aina zilikuwa tano, na uchaguzi ulikuwa huru kabisa. Gesi aliruhusiwa kuinunua yule ambaye jiko lake limekaguliwa likiwa na gesi ndani kwa siku kumi na nne. Umeme ulikuwa wa mwenye nguzo mlangoni. Nguzo zilikuwepo kila mahali, ni umeme tu uliokuwa njiani. Mafuta ya taa yalikuwa ya wasio na namna nyingine, nao walitakiwa kuleta hati ya kuthibitisha kwamba hawana namna. Mkaa uliruhusiwa kutumika, ila haukuruhusiwa kuchomwa, kusafirishwa, kuuzwa wala kuwekwa. Kuni zilikuwa halali kwa kila mtu, mradi alete cheti cha kuzaliwa cha mti.

Wananchi walishukuru kwa uhuru huo, wakaendelea kupika. Walipikia nini, hiyo ndiyo iliyokuwa kazi ya minara. Kila kata ilijengewa mnara mrefu, na juu yake akawekwa mhesabu moshi, mtumishi mwenye darubini na daftari. Nyumba ikitoa moshi usiolingana na kadi yake, iliezuliwa paa, ili moshi usipate tena pa kujificha. Kata za jirani zilikuwa na nyumba nyingi sana zilizo wazi juu, na wageni walioziona walisifu jinsi zinavyopata hewa.

*

Katika kata tunayoisimulia, mhesabu moshi alikuwa Andalwisye, mtu mrefu, mkimya, mwenye kuheshimu sheria hadi watu wakamwonea huruma. Alikuwa akikuta kibao cha "Usikanyage Majani" mahali ambapo majani yalikwishakauka na kupeperushwa miaka mingi, anazunguka. Alikaa juu ya mnara ule miaka ishirini na sita.

Mtumishi wa Wizara alipaswa kuwa mfano, hivyo kadi ya nyumba yake, namba kumi na saba, iliandikwa Gesi. Akakabidhiwa jiko la mafiga mawili na mtungi uliojaa. Mtungi uliisha kabla ya mwezi kwisha. Mkewe, Sekela, akaenda kuulizia, akaambiwa kwamba kwa mujibu wa kumbukumbu mtungi wa mtumishi hauwezi kuisha, na kwamba aliyesema umeisha angeulizwa ameufanya nini.

Sekela hakumwambia mumewe. Angemwambiaje? Mtu wa sheria vile, angelazimika kupanda mnarani asubuhi na kuiandika nyumba yake mwenyewe, nao waezuliwe paa kwa mkono wake. Kwa hiyo Andalwisye alipokuwa kazini, mkewe alipikia mafiga ya mawe matatu kwenye kona ya jiko, kwa vijiti vikavu, moto mdogo mdogo, huku akipepea moshi kwa ungo usipande wote kwa mara moja. Saa kumi na moja kasoro, mume anapokaribia kushuka, anafunika mawe kwa tenga, anahamishia sufuria kwenye jiko la gesi, anafuta masizi, ananawa uso. Andalwisye anaingia, ananawa mikono, anakula, kisha anasema, "Gesi nzuri leo."

"Ni ya serikali hiyo," Sekela hujibu.

Maneno hayo waliyasema kila jioni kwa miaka ishirini na sita. Bibi Subilaga, mama yake Andalwisye, alikuwa akikaa kwenye kigoda chake pembeni, anatazama ugali wake, hasemi kitu.

*

Mwezi wa sita, baridi ilipokuwa imeshika kweli, Andalwisye alishuka mnarani akilalamika kifua. Siku ya tatu akafa.

Sekela hakulia. Si kwamba alijikaza. Alikitafuta kilio kama mtu anayepapasa mfukoni ufunguo aliokuwa na hakika ameuweka, akakosa. Wanawake waliokaa naye msibani walimwangalia, wakasubiri, wakachoka, wakalia wenyewe kwa niaba yake. Alipewa pole akazipokea. Alipewa chai akaishika mpaka ikapoa. Mwili wote ulikuwa umekufa ganzi, na kusema kweli alishukuru, maana aliona kwa mbali kitu kikubwa kinamsubiri upande wa pili wa ganzi ile.

Kwa desturi ya watu wale, mwenye nyumba akifa, moto wa nyumba yake unazimwa kwa maji na mafiga yanapinduliwa. Siku tisa wafiwa hula chakula cha majirani. Siku ya tisa kila jirani huleta kitu kidogo cha kuwashia, chochote kinachowaka nyumbani kwake, vinachanganywa, na mjane anawasha moto mpya. Hapo ndipo msiba unakuwa umekwisha. Kabla ya hapo marehemu bado yuko mlangoni, na wazima hawajarudi ndani.

Mafiga yalipinduliwa. Wizara nayo ilikuja siku ya nne, kwa heshima zote, ikachukua jiko lake la gesi na mtungi. Kadi vilevile ikachukuliwa, kwa kuwa kadi hufa na mwenyewe, na nyumba namba kumi na saba ikaandikwa kwenye orodha ya Nyumba Zisizo na Mwali, ambazo hutazamwa kwa darubini mara tatu kwa siku.

Siku ya nane akaja Gwamaka, mhesabu moshi mpya, mtu wa makamo aliyehamishwa kutoka kata nyingine kuwa msaidizi wa marehemu, wiki moja kabla hajaugua. Alileta vitu vya marehemu: chupa ya chai, koti la mvua, na furushi la madaftari ya nakala, yale ya asili yakiwa yamekwenda Wizarani.

"Pole tena, shemeji," akasema. "Marehemu alinifundisha kazi siku tatu. Siku mbili za kwanza alinifundisha kutazama. Ya tatu alinifundisha kuandika."

"Alikuwa mtu wa sheria," Sekela akasema.

Gwamaka akalitupia jicho furushi la madaftari. "Ndiyo, shemeji," akasema, akaenda zake mnarani.

Sekela aliweka furushi juu ya kabati bila kulifungua.

*

Siku ya tisa, Mama Kissa wa nyumba ya pili alikuja asubuhi, akanong'ona mlangoni. "Tuko tayari, jirani. Kila mtu ana kitu chake ndani ya khanga. Tuje?"

"Subirini kwanza nipate kadi," Sekela akasema.

"Kadi?"

"Yule hakuwahi kuvunja sheria hata moja. Miaka yote mimi nimemwibia mbele ya macho yake, hakujua. Moto wake wa mwisho sitaki uwe wa wizi. Nitachagua nishati, niandikiwe, ndipo tuwashe."

Mama Kissa alimtazama kama anayetaka kusema neno, kisha akaona si wakati wake. "Haya," akasema. "Lakini bibi je?"

Hapo ndipo palipokuwa na tatizo. Bibi Subilaga alikuwa amekula chakula cha majirani siku tisa, kama inavyotakiwa, na asubuhi ya siku ya kumi aliusukuma uji wa Mama Kissa ukiwa bado unafuka.

"Chakula cha moto wa watu ni siku tisa," akasema. "Baada ya hapo ni kuombaomba. Mwanangu hakuniacha niombe."

"Mama, utadhoofika."

"Basi chagua upesi, mwanangu."

Alikubali ndizi mbivu na maji. Alikuwa na miaka themanini na mitatu, na huko nje barafu ilikuwa ikikaa juu ya majani mpaka saa tatu asubuhi.

*

Ofisi ya Uchaguzi wa Nishati ilikuwa na mabenchi marefu na picha ya moto ukutani. Afisa alikuwa Bwana Mponzi, kijana wa watu, mwenye tai na koti la manyoya, kwa sababu ofisi yenyewe haikuwa imechagua bado.

"Aina ya nishati?" akauliza.

"Ya majirani," Sekela akasema.

Bwana Mponzi akaangalia fomu. "Ina visanduku vitano, mama. Majirani hawamo."

Sekela akamweleza desturi: huyu analeta gunzi, yule kipande cha mkaa, mwingine ukuni. Bwana Mponzi akaweka kalamu chini kwa hofu ya kweli.

"Huko ni kuchanganya nishati! Mama, unajua moto wa namna hiyo ukiwaka tutauweka kwenye jedwali gani?"

"Basi andika gesi. Marehemu alikuwa Gesi."

"Vizuri sana. Jiko lenye gesi liko wapi, tulikague?"

"Wizara imelichukua."

"Lete barua ya Wizara ithibitishe kwamba imelichukua."

"Wizara si ndiyo ninyi, mwanangu?"

"Ndiyo sisi. Lakini hatuwezi kujiandikia barua wenyewe. Tutajijibu nini?"

Sekela hakukasirika. Aliona kabisa mahali ambapo mtu angekasirika, akapapita. Akaenda dirisha la mafuta ya taa kuomba hati ya kutokuwa na namna. Mama wa dirishani akamuuliza amefikaje pale. Akasema kwa miguu. "Basi unayo namna," akaambiwa, na fomu ikapigwa muhuri wa kukataliwa. Siku iliyofuata alikwenda Idara ya Misitu kutafuta cheti cha kuzaliwa cha mti. Akaelezwa kwamba mti husajiliwa ndani ya siku arobaini tangu kuchipua, mbele ya miti wazazi wake wawili. Akiwa na mti uliochelewa, awasilishe maelezo ya mti wenyewe kwa nini ulichelewa. Kwenye dirisha la mkaa alipokelewa kwa ukarimu na kuandikiwa kibali palepale, kizuri, chenye utepe. Alipouliza mkaa ataupata wapi, afisa akamwomba asimtie majaribuni.

Kila jioni alirudi na karatasi. Kila jioni Bibi Subilaga alimuuliza, "Umechagua?"

"Bado, mama. Kesho."

Siku ya kumi na tatu bibi aliuliza akiwa ameketi kigodani. Siku ya kumi na sita aliuliza akiwa kitandani. Siku ya kumi na nane aliuliza kwa macho tu. Sekela alimmenyea ndizi, akamfunika blanketi la pili, akalikunja koti la mvua la Andalwisye akaliweka miguuni pake. Alijua anapaswa kuogopa. Aliiona hofu imekaa pale chumbani, kama mgeni ambaye hakuna aliyemkaribisha kiti.

*

Siku ya ishirini barua ikaja kwa pikipiki. Kaya namba kumi na saba, ikiwa ya mjane wa mtumishi mwaminifu, imeteuliwa kuwa Kaya ya Mfano katika Uzinduzi wa Kitaifa wa Mwali Safi. Mheshimiwa Waziri mwenyewe angefika kesho yake kumwashia jiko la gesi. Chini ya barua palikuwa na sahihi sita, ya sita ikithibitisha kwamba zile tano ni sahihi.

Sekela aliisoma barua mara mbili, akaenda kumwambia bibi. Bibi akainua kichwa kwenye mto. "Gesi ya kweli?" akauliza.

"Ya kweli, mama. Kesho utakunywa uji."

Kesho yake jua liliwaka kama limelipwa posho. Yalikuja maturubai, viti vya plastiki, spika na jenereta, kisha magari ya Waziri kumi na mawili, yote yamewasha taa kubwa za njano za kupasulia ukungu, ingawa mtu aliweza kuona hadi mbuzi waliokuwa kilima cha tatu. Waziri alishuka, akapepesa macho kwenye mwanga ule, akashikwa mkono na wasaidizi wawili asije akapotea.

"Ndugu wananchi," akasema, "najua hamnioni vizuri."

Wananchi waliokuwa wamekaa hatua nne kutoka kwake wakapiga makofi.

"Kata hii inaongoza kitaifa kwa ukungu! Takwimu za mnara wenu zinaonyesha ukungu kila siku ya mwaka, asubuhi, mchana na jioni, kwa miaka ishirini na sita. Kata nyingine zina moshi, zina uvunjaji wa sheria, zina nyumba zisizo na mapaa. Ninyi mna ukungu tu. Serikali imelitafakari jambo hili. Tumeunda Kikosi Kazi cha Ukungu, kimekwenda nje mara saba kujifunza ukungu wa wenzetu, na tumenunua taa hizi mnazoziona, kama mnaziona."

Sekela alisikia lakini hakusikiliza. Alikuwa amebeba sufuria mikononi, unga umeshakorogwa na maji, mwiko ndani. Bibi Subilaga alikuwa ametolewa kitandani, akaketishwa jikoni akiwa amefungwa mablanketi, uso umekuwa mdogo kama wa mtoto.

Jiko likaletwa likiwa limefunikwa kitambaa cha bendera. Kitambaa kikafunuliwa. Waziri akapewa kiberiti kilichowekwa kwenye sinia, akawasha, na mwali wa bluu ukachanua. Watu wakashangilia. Bibi Subilaga akanyoosha mikono yake miwili kuelekea kwenye joto, taratibu, na Sekela akapiga hatua moja, akainama, akataka kutua sufuria.

"Hapana, hapana, mama!" Msaidizi wa Waziri alimdaka kiwiko. "Jiko la uzinduzi haliwekwi sufuria. Litapata masizi, na leo tuna kaya tisa nyingine."

"Uji tu," Sekela akasema. "Wa bibi. Dakika kumi."

"Tunaelewa kabisa, mama. Angalia kamera."

Akapigwa picha ameshika sufuria ya uji mbichi. Waziri akazungumza dakika nne zaidi, mwali ukiwaka, na muda wote huo Bibi Subilaga alikuwa amenyoosha mikono. Halafu jiko likazimwa, likafunikwa bendera, likapakiwa garini na mtungi wake. Sekela akaachiwa cheti chenye fremu: Kaya Hii Imepatiwa Mwali. Magari yakaondoka moja moja, taa zote zinawaka.

Bibi alishusha mikono, akaificha ndani ya blanketi.

"Ule haukuwa moto wetu," akasema. "Umekuja kwa gari, umeondoka kwa gari."

Keshoye Sekela alikwenda kwa Bwana Mponzi. Kijana alifurahi kumwona, akampa mkono.

"Hongera, mama! Nimekuona gazetini."

"Jiko wameondoka nalo. Naomba kadi nichague upya."

Bwana Mponzi akafungua kitabu, akapitisha kidole, uso ukaingia huzuni ya kikazi. "Haiwezekani. Umeshahudumiwa. Kaya ikishapatiwa mwali haiwezi kuomba mwali, itaonekana ina miali miwili."

"Mama mkwe wangu anakufa," Sekela akasema. Alisema kwa sauti ileile ambayo angesema kwamba nje kunanyesha.

"Pole sana," akasema Bwana Mponzi, na akaonekana kweli ana huruma. "Akifa njoo. Hapo ni mabadiliko ya kaya, tunafungua jalada jipya."

*

Asubuhi ya siku ya ishirini na tatu Sekela aliamka akaenda kumgusa bibi miguu. Ilikuwa baridi kama mafiga. Bibi alikuwa anapumua, macho wazi, anatazama dari. Sekela alisubiri ahisi kitu. Hakuhisi, na kutohisi huko, siyo kitu kingine, ndiko kulikomtisha. Akawaza: nikimwacha huyu aende, sitarudi tena ndani.

Akaingia jikoni, akapiga magoti, akayapindua mafiga yakakaa sawasawa. Kisha akatoka hadi kwa Mama Kissa, akagonga.

"Jirani," akasema, "leo ni siku ya tisa."

Mama Kissa alihesabu kimoyomoyo, akaacha kuhesabu. "Ndiyo," akasema. "Leo ni siku ya tisa." Akatupa khanga begani akaenda nyumba ya tatu, na nyumba ya tatu ikakubali kwamba ni siku ya tisa, na ya nne pia, na kabla jua halijapanda, mtaa mzima ulikuwa umekubaliana kuhusu tarehe.

Wakaja mmoja mmoja, wanawake kwa wanaume, wakiangalia mnara kwa jicho la pembeni. Mama Kissa alifungua khanga, magunzi manne. Mzee Ambakisye, fundi seremala, alitoa maranda mfukoni, akatoa na mguu wa kiti. Mwingine alileta kipande cha mkaa ndani ya kikopo cha dawa, mwingine mafuta ya taa kwenye chupa ya mtoto, mwingine kinyesi cha ng'ombe kilichokauka, kimefungwa kwenye gazeti lenye picha ya Waziri. Mwenye kadi ya Gesi alisema gesi haibebeki, kaleta kiberiti. Mwenye kadi ya Umeme alileta balbu. Akaiweka pamoja na vingine kwa heshima, na hakuna aliyecheka, maana ndicho alichokuwa nacho.

Ilihitajika karatasi ya kuwashia. Sekela akanyoosha mkono juu ya kabati, akashusha furushi la madaftari, akafungua la juu apate kuchana ukurasa. Mwandiko wa Andalwisye ulikuwa umesimama wima, kama yeye.

*Namba 4: ukungu. Namba 6: ukungu. Namba 9: ukungu, unaelekea mashariki. Namba 11: ukungu mzito.* Ukurasa mzima ulikuwa hivyo. Akafungua wa pili, wa kumi, akachukua daftari jingine, la miaka ya mwanzo kabisa, lenye karatasi zilizogeuka rangi. Ukungu. Ukungu. Ukungu. Katika kila ukurasa nyumba namba kumi na saba ilikuwepo, na pembeni yake, kwenye nakala tu, palikuwa na maneno madogo ya penseli.

*Namba 17: ukungu. Maharage leo.*

*Namba 17: ukungu mwingi. Kuni mbichi, atakohoa.*

*Namba 17: saa saba, hakuna ukungu. Anaumwa?* Na chini yake: *Saa nane, ukungu. Sawa.*

Sekela alisimama na daftari mkononi. Majirani walisubiri. Mzee Ambakisye akauliza kwa upole, "Unachana, mama?"

"Hizi hapana," Sekela akasema. Akayarudisha madaftari juu ya kabati, akayapanga, akashusha zile karatasi za ofisini, fomu zote na kibali cha mkaa chenye utepe, na cheti akakitoa kwenye fremu. Akavikunja, akaviweka chini ya magunzi, akawasha.

Nishati zile zilichanganyika vibaya. Kinyesi kilifuka, mafuta yakalipuka kidogo, maranda yakatoa wingu jeupe na mguu wa kiti, uliopakwa vanishi, wingu jeusi. Moshi ulijaa jiko, ukatoka mlangoni, madirishani na chini ya bati, ukapanda juu ya nyumba namba kumi na saba, mnene, wa rangi tatu, asubuhi ya jua kali isiyo na wingu hata moja. Mtu angeuona akiwa mpakani, na bila shaka mchora ramani aliuona.

Watu wote walitoka uani, wakatazama mnara. Gwamaka alikuwa amesimama. Aliweka darubini machoni, akaielekeza kwenye paa lile, akakaa hivyo kwa muda mrefu. Mama Kissa alishika mkono wa Sekela. Kisha Gwamaka akashusha darubini, akafungua daftari, akaandika. Hata kutoka mbali ilionekana kwamba alikuwa ameandika neno moja tu, fupi. Akafunga daftari, akaketi, akajimiminia chai.

Mzee Ambakisye akavua kofia, akaivaa tena.

Uji ulipochemka Sekela aliipua sufuria kwa mikono mitupu, akasahau kitambaa. Akaungua, akapiga ukelele, akaitua chini, akaviangalia vidole vyake vikianza kuwa vyekundu. Vilikuwa vinauma sana. Akamimina uji kwenye bakuli, akaupuliza, akaupeleka kwa bibi, akamwinua, akamwekea ukingo wa bakuli mdomoni. Bibi Subilaga akanywa mara moja, akapumzika, akanywa tena. Rangi ikarudi kidogo kwenye midomo yake. Akalamba ukingo, akamtazama mkamwana wake mwenye masizi usoni, na nyuma yake majirani waliojazana mlangoni wakifuta macho kwa sababu ya moshi.

"Gesi nzuri leo," akasema bibi.

Sekela alifungua kinywa kumjibu. Jibu alilijua, alikuwa amelitoa kila jioni kwa miaka ishirini na sita. "Ni ya..." akasema, na hapo sauti ikamkatika, akaweka bakuli chini, akalia kwa nguvu zake zote mbele za watu.